Ujumbe "haukupatikana" wakati mtandao wa P2P unashambuliwa: programu yangu ilinificha jumbe 41, tujadili namna ya kushughulikia

#1 Mlinzi_wa_Nodi

Wakuu, salaam.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, leo naliandika lote kwa sababu naona wengi humu wanatengeneza programu za kutumiana ujumbe juu ya mitandao ya P2P, yaani kompyuta zinazounganishwa zenyewe kwa zenyewe bila seva ya kati, na karibu kila msimbo ninaousoma una kosa lile lile nililolifanya mimi.

Programu yangu ni ndogo. Kila mwandishi ana jozi ya funguo (wa siri wa kusaini, wa hadharani wa kuhakiki saini), na ujumbe wake unawekwa mtandaoni kwenye anwani inayotokana na ufunguo wake wa hadharani, tarehe na namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Msomaji haletewi kitu. Nodi yake, yaani kompyuta yake iliyo kwenye mtandao huo, ndiyo inayokwenda kuuliza: namba 7 ya leo ipo? Ikipatikana, inauliza namba 8. Ikikosekana mara 3, programu inaandika kwenye hifadhidata kwamba mwandishi huyu hana zaidi, inahamia kwa mwingine. Siku ikiisha, ukurasa wa siku hiyo unafungwa.

Ilifanya kazi zaidi ya mwaka bila shida. Kisha mtandao tuliokuwa tunautumia, mdogo tu wa nodi mia chache, ukashambuliwa. Mtu aliingiza nodi nyingi kwa mkupuo. Baadhi zilikuwa zinapokea maombi na kujibu "sina", nyingine zinapokea na kunyamaza. Ilidumu siku 9, na mimi sikujua. Skrini yangu ilionyesha orodha tulivu, haina alama nyekundu hata moja. Nilidhani watu wamepumzika.

Siku ya 11 mwenzangu tunayetunza naye programu hii alinitafuta kwa njia nyingine kuuliza mbona simjibu. Alikuwa ameniandikia jumbe 41. Tatu kati ya hizo zilikuwa onyo kuhusu tundu la usalama ndani ya msimbo wangu mwenyewe. Nilipochunguza ndipo nikaumia zaidi: shambulio lilikuwa limekwisha siku 2 kabla, jumbe zote 41 zilikuwa zinapatikana bila tatizo, lakini nodi yangu haikuwa na mpango wa kuuliza tena. Ilishaandika "hakuna". Mshambuliaji alinizuia siku 9, programu yangu ingenizuia moja kwa moja.

Nodi inapokujibu kwamba ujumbe haukupatikana, inakueleza jinsi safari moja ilivyokwenda: nodi kadhaa, njia moja, dakika ile. Mimi nililichukua jibu hilo nikaliandika kama ukweli kuhusu ujumbe wenyewe. Kosa lote liko hapo.

Nikaanza upya kwa kutenganisha majibu, maana zamani yote yalikuwa yanaangukia kapu moja. Kuna kimya: umeuliza, muda wa kusubiri umekwisha, hakuna aliyesema lolote. Kuna nodi inayosema imezidiwa, urudi baadaye. Kuna ombi lililokosa pa kwenda kwa sababu majirani zako wote, yaani nodi ulizounganishwa nazo, wamejaa au wamekatika. Haya matatu hayana habari yoyote kuhusu ujumbe, kwa hiyo siku hizi nayahesabu kama sijauliza kabisa na kaunta ya majaribio haipandi. Nilipopitia logi za siku zile 9, majibu mengi yalikuwa ya aina hii. Mabadiliko ya mistari michache tu yangeokoa sehemu kubwa ya zile jumbe.

Kuhusu kimya niongeze kitu kimoja. Mwaka 2015 Gervais na wenzake walionyesha kwamba kwenye Bitcoin ya wakati ule, nodi iliyotangaziwa bloku (fungu la miamala) na jirani fulani ilimsubiri jirani huyo huyo hadi dakika 20 kabla ya kumuuliza mwingine. Anayetaka kukuchelewesha anawahi kusema "ninayo", kisha ananyamaza. Kwa hiyo aliyedai anacho kisha akakaa kimya asiwekwe kundi moja na aliyezidiwa akasema ukweli. Wa kwanza anapewa muda mfupi, na akirudia anashushwa daraja.

Jibu la nne ndilo gumu: ombi limefika mwisho wa safari, na nodi iliyopaswa kuwa na kitu hicho inasema haina. Hapa mkweli na mwongo wanafanana kabisa. Ukipewa data unaikagua kwa heshi (alama fupi inayokokotolewa kutoka data yenyewe) au saini, na mwongo hana namna ya kuighushi. Ila hakuna saini ya kitu kisichokuwepo. "Sina" ya nodi nzima na "sina" ya nodi ya adui ni herufi zile zile.

La tano, data imekuja lakini saini inakataa. Hili mimi hulipokea kwa furaha kwa sababu nimemshika mtu. Natupa data, naandika nani kanipa. Kama itifaki inaitaka kila nodi ikague kabla ya kupitisha, aliyenikabidhi ana hatia. Kama haitaki, huenda naye kapitishiwa tu, simfukuzi kwa kosa moja.

La sita wengi wanalisahau: unapewa jibu lenye saini halali, ila ni la zamani. Kwa anwani zinazobadilika yaliyomo, mshambuliaji hahitaji kughushi, anakupa toleo la wiki iliyopita na wewe unaridhika. BitTorrent kwenye BEP 44, moja ya nyaraka za itifaki yao, waliweka namba ya mfuatano ndani ya kitu kinachosainiwa, na msomaji anauliza nodi kadhaa kisha anachukua yenye namba kubwa zaidi. Kama programu yako inachukua jibu la kwanza linalokuja, rekebisha hata kabla ya kumaliza kusoma uzi huu.

Kwenye hifadhidata nimefuta hali ya "hakuna". Imebaki "imepatikana", "haijaulizwa" na "pengo". Kila pengo linabeba kumbukumbu yake: liliulizwa lini kwanza, limejibiwa "sina" mara ngapi kwa kweli, kupitia majirani gani, na litaulizwa tena lini. Siku haifungwi tena usiku.

Ninajua bado kuna mashimo. Karibuni mnikosoe.

#2 Kijana_wa_Teminali

Asante sana mkuu kwa uzi huu, mimi ndiyo kwanza naanza mambo ya P2P. Swali: kama hakuna ushahidi wa kutokuwepo, nitajuaje kwamba tunashambuliwa, na si kwamba mwandishi hajaandika kitu? Siku nyingi watu huwa hawaandiki kweli.

#3 Mlinzi_wa_Nodi

Swali zuri mdogo wangu, na mimi lilinisumbua.

Ninachofanya ni kupanda mbegu za kupimia. Nodi yangu ya pili, iliyo kwenye muunganisho mwingine kabisa, inaweka mtandaoni vipande 20 vya data visivyo na maana yoyote, anwani zake zimetawanyika kwenye nafasi nzima ya funguo. Nodi ya kwanza inavitafuta. Mtandao ukiwa mzima napata 19 au 20. Nikiona 12, najua mtandao unaumwa, na "sina" zote za kipindi hicho naziandika kwa penseli.

Vipande viwe vipya kila mara. Mwanzoni nilikuwa nikitafuta vile vile kila siku, kumbe vilishakaa kwenye kache (hifadhi ya muda) ya nodi yangu na za majirani, napata 20 kati ya 20 huku nje kunaungua.

Ila kuwa makini, mbegu zinaonyesha shambulio la jumla tu. Mtu akiamua kumziba mwandishi mmoja, mbegu zako zote zitaota na yule mwandishi bado hutamwona.

#4 Bi_Itifaki

Hapo kwenye kumziba mwandishi mmoja ndipo kwenye uzito, naomba nipafafanue.

Mitandao mingi ya aina hii imejengwa juu ya Kademlia, ile ya Maymounkov na Mazières ya mwaka 2002. Kila nodi ina kitambulisho, kila data ina ufunguo, na data inakaa kwa nodi ambazo vitambulisho vyake viko karibu zaidi na ufunguo huo kwa kipimo cha XOR, yaani kulinganisha namba mbili biti kwa biti. Kwenye karatasi yao ni nodi 20. Sasa jiulize: nodi inapata wapi kitambulisho chake? Kama inajichagulia, mtu anakaa na kompyuta moja, anazalisha vitambulisho mpaka apate vya kutosha vilivyo karibu kabisa na ufunguo wa mwandishi wako. Nodi nzima zinasukumwa nje ya wale 20. Kuanzia hapo kila anayeuliza anafikishwa kwa adui kwa uaminifu kabisa, uelekezaji ukifanya kazi yake vizuri. Douceur aliyeandika kuhusu shambulio la Sybil, mwaka huo huo wa 2002, alishaonya kwamba pasipo mamlaka ya kuthibitisha nani ni nani, mtu mmoja kujifanya wengi hakuzuiliki moja kwa moja.

Kwa hiyo mkuu Mlinzi, kurudia ombi lile lile kwa anwani ile ile hakutakusaidia hata ukirudia mwezi mzima. Lazima ujue umezibwa wapi: njiani au mwisho wa safari.

Njiani kuna dawa nzuri. Baumgart na Mies mwaka 2007 walipendekeza kwenye S/Kademlia utafutaji uende kwa njia kadhaa zisizokutana, nodi iliyotumika kwenye njia moja isitumike kwenye nyingine. Piga hesabu ndogo. Chukua nodi mbovu ni 20 kati ya 100 na njia ina hatua 5. Njia moja inapona kwa asilimia 33 hivi. Njia 4 zisizokutana, uwezekano wa angalau moja kupona unafika karibu asilimia 80. Kazi ni mara 4, faida unaiona.

Mwisho wa safari dawa ni ngumu zaidi. BEP 42 ya BitTorrent inakifunga kitambulisho cha nodi na anwani yake ya IP, hivyo mtu hajichagulii mahali pa kukaa. I2P, mtandao wa kuficha utambulisho, wanauchanganya ufunguo na tarehe, kwa hiyo mahali pa kila kitu panahama kila siku saa ya UTC inapogonga usiku wa manane. Shida ni kwamba tarehe ya kesho inajulikana leo. Tor, mtandao mwingine wa aina hiyo, kwenye huduma zao za onion (tovuti zilizofichwa) za toleo la 3 walitatua hilo kwa kutumia namba nasibu inayokubaliwa kila siku na seva zao za mamlaka, hakuna anayeijua mapema. Mtandao usio na mamlaka kama hizo unabaki na kazi.

Na haya si ya vitabuni tu. Februari 2023 I2P walivamiwa na lundo la ruta bandia zilizojifanya za kuhifadhi hifadhidata ya mtandao, watumiaji wakataabika, na marekebisho yakaanza kutoka kwenye matoleo yaliyofuata.

#5 Fundi_Pakiti

Wakuu naona mnazunguka sana. Data ipo, mtandao una kelele. Mimi kwenye programu yangu nimeweka irudie kila sekunde 10 mpaka ipate, basi. Bandwidi siku hizi ipo. Mbona mnalifanya jambo gumu?

#6 Mlinzi_wa_Nodi

Fundi, nakuheshimu sana kwa kazi zako humu, lakini hapa nakupinga kabisa, na nitakuonyesha kwa namba.

Chukua msomaji anayefuatilia waandishi 500, kila mmoja ana mapengo 20 baada ya siku chache za shambulio. Hayo ni mapengo 10,000. Ukiuliza kila moja kila sekunde 10, nodi yako inatoa maombi 1,000 kwa sekunde. Kila ombi linapita nodi kadhaa kabla ya kukata tamaa, na ombi linalokosa ndilo ghali kuliko yote kwa sababu linatembea mpaka mwisho wa safari. Sasa wasomaji 200 wana programu yako. Mshambuliaji anaweza kuzima mashine zake akalala, sisi tutaendelea kumfanyia kazi.

Freenet, mtandao wa P2P wa kuhifadhi na kusoma data bila kujulikana, ambao tangu 2023 unaitwa Hyphanet, walijifunza hili miaka mingi iliyopita. Ombi likishindwa mara 3 linapumzishwa nusu saa kabla ya kuruhusiwa tena. Zaidi ya hapo, nodi zenyewe zinakumbuka funguo zilizokosekana muda si mrefu na zinakujibu "hii imeshindikana sasa hivi" bila kulipitisha ombi. Kwa hiyo kwenye mtandao kama huo maombi yako ya kila sekunde 10 hata hayatoki nje ya majirani. Unapata majibu mengi ya kukosa ambayo yote ni mwangwi wa lile la kwanza, na programu isiyojua inayahesabu kama mashahidi 50.

Mimi naanza na dakika 10, kisha 20, 40, 80, naongeza maradufu hivyo hivyo hadi kikomo cha saa 12. Siku ya kwanza pengo linaulizwa mara 7 hivi, baadaye mara 2 kwa siku. Yale mapengo 10,000 yakifika kwenye kikomo yanazalisha ombi moja kila sekunde 4. Huo ni mzigo ambao mtandao mgonjwa unaubeba.

Jambo ambalo ukilisahau utajuta: weka bahati nasibu ndani ya muda. Kama zamu ni dakika 40, chagua mahali popote kati ya dakika 20 na 40. Shambulio linawaangusha wote kwa wakati mmoja, na bila nasibu wote watarudi kwa wakati mmoja. Nilishaiona kwenye grafu yangu: kilele kila baada ya muda ule ule, kama mapigo ya moyo, na katika kila kilele nodi nzima zilikuwa zinakataa maombi kwa kuzidiwa.

Hata mbegu za kupimia zikianza kuota tena, usiyafungulie mapengo yote kwa mpigo. Toa kidogo kidogo.

#7 Fundi_Pakiti

Nimekuelewa mkuu. Hilo la mwangwi sikulifikiria, nilikuwa naona kaunta inapanda nikiamini nauliza watu tofauti. Nabadilisha wikiendi hii.

Swali moja. Programu yangu ikikaa muda bila kupata kitu huwa naizima na kuiwasha upya, na kweli baadhi ya siku hali inakuwa nafuu. Niiweke ijiwashe yenyewe?

#8 Bi_Itifaki

Hapana kaka, tafadhali usifanye hivyo.

Mwaka 2015 Heilman, Kendler, Zohar na Goldberg walieleza shambulio la kuipatwisha nodi ya Bitcoin, yaani adui anaizingira kila upande kama jua linavyopatwa. Nodi ilikuwa na miunganisho 8 ya kutoka. Adui anaijaza orodha yake ya anwani kwa anwani zake mwenyewe, halafu anasubiri kitu kimoja: nodi izime na kuwaka. Inapowaka inachagua majirani upya kutoka orodha iliyochafuliwa, na wote 8 wanakuwa wake. Kuizima na kuiwasha ndiyo mlango wenyewe. Bitcoin Core kuanzia toleo 0.21 la mwaka 2021 inahifadhi majirani 2 kama nanga ili ikiwaka irudi kwao kwanza.

Hiyo nafuu unayoiona baadhi ya siku inaeleweka, umepata majirani wapya wakatokea kuwa wazima. Siku ya shambulio la kweli unatupa karata zako nzuri na kuchukua nyingine kutoka kwa anayekuibia.

Kama ni lazima kubadilisha, badilisha jirani mmoja mmoja, na waliokupa data iliyothibitika kwa siku nyingi wabaki. Weka pia sharti la anwani: majirani wasitoke wote kwenye mtaa mmoja wa IP. Bitcoin haichukui majirani wawili wa kutoka kwenye kundi moja la /16, yaani anwani za IP zenye namba mbili za mwanzo zinazofanana. Sharti rahisi, linampandishia adui gharama.

#9 Mkusanya_Vipande

Habari za humu wakuu. Mnazungumza upande wa msomaji tu, na mwandishi je? Kazi nyingi inaweza kumalizwa kabla ujumbe haujapotea.

La kwanza, mnyororo. Kwenye Secure Scuttlebutt, itifaki ya P2P ya kutumiana jumbe, kila ujumbe una namba ya mfuatano na heshi ya uliotangulia, vyote ndani ya saini. Nikipata namba 43, ninajua kwa ushahidi kwamba 42 ulikuwepo na ninajua heshi yake. Hapo pengo linabadilika tabia kabisa. Mlinzi, kwenye hifadhidata yako tenganisha pengo la kukisia (naulizia namba 44, labda haijaandikwa) na pengo lililothibitika (42 upo, 43 umeniambia). La pili lisiachwe hata baada ya miezi, na lipewe zamu ya mbele kwenye foleni. La kukisia linaweza kupunguziwa kasi bila dhambi. Mwandishi asiyeandika mara kwa mara aweke hata ujumbe mtupu kila siku, wa kusema tu "wa mwisho wangu ni 43".

La pili, nakala kwenye anwani tofauti. Ujumbe mfupi unakaa kwenye ufunguo mmoja, kwa hiyo una mtaa mmoja wa nodi zinazouhifadhi, na mtaa mmoja unanunulika. Uweke chini ya funguo 5 zinazotokana na jina lile lile pamoja na kiambishi 1 hadi 5. Tuseme kila anwani ina uwezekano wa asilimia 70 wa kukosekana. Nakala zote 5 kukosekana kwa pamoja ni asilimia 17 hivi. Nisiwadanganye: hesabu hiyo inashika kama kukosekana hakutegemeani. Adui anayemlenga mwandishi huyo anajua kanuni ya viambishi kama wewe, atazalisha vitambulisho mara 5. Lakini amelipa mara 5.

La tatu, kwa viambatisho vikubwa, tumieni usimbaji wa kufidia vipande, ule wa Reed na Solomon wa mwaka 1960. Faili la vipande 5 ukiliweka hivi hivi na kila kipande kinapatikana kwa asilimia 60, kulipata zima ni chini ya asilimia 8. Ukilisimba liwe vipande 10 ambapo vyovyote 5 vinatosha, unafika asilimia 83. Mara mbili tu ya nafasi kwenye diski!

Na la nne nalisema kwa msisitizo. Mitandao hii inasahau. Kwenye Kademlia ya asili kitu kisichowekwa upya na mwenyewe ndani ya saa 24 kinakufa. Kwenye IPFS, mtandao wa P2P wa kushirikiana mafaili, rekodi ya nani anacho kitu inadumu saa 48. Shambulio la siku 9 linazidi umri huo kwa mbali, kwa hiyo adui hahitaji kufuta chochote, anazuia usasishaji na kusubiri. Mlinzi, zile jumbe 41 zako zilipona kwa sababu mwenzako alikuwa bado hai mtandaoni anaziweka upya. Angekuwa amezimiwa umeme au kompyuta yake imekufa, ungekuwa unatafuta hewa.

Ujumbe uliosainiwa unaweza kuwekwa upya na mtu yeyote, uaminifu uko kwenye saini. Basi kila msomaji aliyeupata awe mwekaji wake. Nodi yangu kila siku inachukua sehemu ndogo ya jumbe nilizonazo, inauliza kama bado zinapatikana kupitia njia nyingine, na zilizopotea inazirudisha.

#10 Mlinzi_wa_Nodi

Mkusanya, umenigusa. Hilo la kukisia na kuthibitika nilikuwa nalo kichwani bila jina, leo naliingiza kwenye jedwali. Na kuhusu mwenzangu ni kweli, aliniambia baadaye kwamba programu yake ilikuwa inaweka upya kila saa 20. Nilikuwa nadhani mtandao ndio ulionihifadhia.

#11 Sauti_ya_Chini

Samahani, nina wasiwasi mwingine. Baadhi yetu tunatumia mitandao hii kwa sababu hatutaki ijulikane tunasoma nini. Nikiendelea kuuliza pengo lile lile kwa wiki kadhaa, si ninamwonyesha adui kwamba nodi hii inamfuatilia mwandishi huyu?

#12 Bi_Itifaki

Una haki ya kuwa na wasiwasi dada, na sitaki kukupunguzia. Kila marudio ni nafasi nyingine kwa adui kulinganisha maombi na kukusogelea. Njia nyingi zisizokutana nilizozisifu hapo juu zinaongeza idadi ya macho yanayokuona, kwa hiyo kwenye mtandao wa kuficha utambulisho sizitumii kwa kila ombi. Nazitunza kwa mapengo yaliyothibitika.

Mengine ninayofanya: mapengo ya waandishi mbalimbali nayachanganya, siyaulizi kwa mfuatano wa mwandishi mmoja. Siyaulizi pindi nodi inapowaka, maana kundi lile lile la maombi kila unapowasha ni alama ya kidole. Namba za baadaye ambazo huenda hazijaandikwa naulizia moja, si kumi mbele. Na majirani nawashikilia kwa muda mrefu kwa sababu ile ile ya Tor kuwashikilia walinzi wake wa mlangoni, yaani nodi za kwanza unazoingilia: kila ukibadilisha unampa adui tiketi mpya.

Kuna hali ambapo jibu sahihi ni kutouliza kabisa mpaka shambulio lipite. Kama kujulikana kunaweza kukudhuru, programu yako iwe na kitufe cha kusimamisha marudio bila kupoteza orodha ya mapengo.

#13 Mlinzi_wa_Nodi

Nakubaliana naye kila neno. Na orodha hiyo mtumiaji aione. Kwangu sasa juu ya kila mwandishi panasomeka "mapengo 3 yaliyothibitika, jaribio lijalo baada ya saa 5", na mbegu zikishuka panatokea mstari wa manjano: mtandao haupokei vizuri tangu saa fulani. Ile skrini tulivu ndiyo iliyonidhuru zaidi ya adui mwenyewe.

#14 Kijana_wa_Teminali

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nimekaa siku 4 na programu ninayotumia, msimbo wake uko wazi, nikaona nayo inaandika "hakuna" na kufunga. Nimefungua rekodi zote za miezi 2 nikazigeuza kuwa mapengo, zamu zikiwa na nasibu kama alivyoelekeza Mlinzi. Mapengo yaliyothibitika kwa mnyororo yalikuwa 13. Mpaka leo asubuhi 12 yameingia! Mmoja ni ujumbe wa mtu niliyedhani aliacha kuniandikia.

Umebaki 1. Umejibiwa "sina" mara 11 kupitia majirani 6 tofauti, mbegu zote zinaota. Mwandishi wake hajaonekana mtandaoni wiki 5. Nadhani umri wake umepita.

#15 Mkusanya_Vipande

Mwandishi gani? Kama ni wa ile orodha ya hadharani ya watunzaji wa maktaba za msimbo, nodi yangu haijawahi kufuta kitu chake. Nitumie heshi kwenye kisanduku changu.

#16 Kijana_wa_Teminali

Nimekutumia mkuu.

#17 Mkusanya_Vipande

Ninao. Saini imekubali. Nimeuweka upya kwenye anwani yake pamoja na nakala 4. Usilazimishe, subiri zamu yake ifike.

#18 Kijana_wa_Teminali

Zamu ilikuwa saa 3 na dakika 12 usiku. Umeingia, jirani wa saba.